Sumaku, chaki na venia: kuitambua injini ya zamani ya pikipiki ya Kiingereza

Tangi la pikipiki lina nembo ya BSA, kampuni ya Kiingereza, muuzaji anaapa ni BSA, na kadi ya usajili iliyokunjwa mara nane nayo inasema BSA. Usitoe hela bado. Tangi hufungwa na kufunguliwa kwa dakika chache, na nembo huuzwa peke yake. Wa kuulizwa ni injini.

Kongwa waliwahi kushushiwa mitambo ya Mradi wa Karanga wa Waingereza kati ya 1947 na 1951, kwa hiyo chuma cha Kiingereza kwenye rundo la chakavu huku Dodoma si ajabu. Ukame nao unatusaidia: aluminiamu ya krenkikesi, yaani nyumba ya krenki, hailiwi na chumvi kama ya pwani. Kinachotusumbua ni vumbi jekundu lililoshikana na oili hadi likawa kama saruji, tena mara nyingi limeganda palepale penye namba.

Hapo ndipo watu wanapoharibu. Anachukua grenda yenye brashi ya waya, dakika moja tu, kaifuta historia yote. Paka mafuta ya taa, acha nusu saa, kisha sugua kwa mswaki wa zamani na kijiti cha mti. Kausha vizuri, pitisha chaki nyeupe juu ya namba, halafu futa kwa kidole. Chaki inabaki kwenye mifereji ya maandishi. Laza tochi ya simu ubavuni, karibu iguse chuma, upige picha kutoka kulia na kutoka kushoto. Namba 3 iliyolika ni rahisi kuisoma 8 ukimulika upande mmoja tu.

Injini nyingi za silinda moja za wakati huo zina namba kwenye krenkikesi, upande wa kushoto chini ya silinda. Ukikuta WM20, hiyo ni BSA ya jeshi ya Vita ya Pili, valvu za pembeni. KM20 ni ya 1939. XM20, YM20 na ZM20 ni za baada ya vita. AJS na Matchless wamerahisisha kazi, maana mwaka unatangulia: 47/G3L ni Matchless ya 1947. Hawa wawili walitoka kiwanda kimoja na injini zao ni karibu sawa. Kwa za kabla ya 1952 tazama magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche ya plagi: ikikaa mbele ya silinda ni AJS, ikikaa nyuma ni Matchless. Baadaye Matchless nayo ikahamishiwa mbele, na alama hiyo ikafa.

BSA na Triumph za kuanzia 1969 zina herufi mbili kabla ya namba, ya kwanza mwezi, ya pili mwaka. Miezi inakwenda A, B, C, D, E, G, H, J, K, N, P, X. Mwaka unaanzia C kwa 1969, D kwa 1970, E kwa 1971, na kuendelea kwa mpangilio huohuo. Basi AD ni Januari 1970. Eneo la namba lina nembo ndogo ndogo zilizochorwa kwa chini. Zikikatika ghafla pale penye tarakimu, mtu amesaga na kugonga upya.

Namba hudanganya, kwa hiyo pima. Fungua kichwa cha silinda, chukua venia, kile kipimo cha taya mbili, pima upana wa silinda, kisha zungusha krenki upime safari ya pistoni kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Geuza milimita ziwe sentimita. Upana zidisha wenyewe, zidisha safari, zidisha 0.7854, kisha zidisha idadi ya silinda; unapata ujazo wa injini kwa sisi (cc). M20 ni milimita 82 kwa 94, upana kwanza kisha safari, inatoka sisi 496. M21 ni upana uleule lakini safari 112, sisi 591. Bantam D1 ni 52 kwa 58, sisi 123. Royal Enfield Bullet ya 350 ni 70 kwa 90. Usishtuke ukipata 82.5 au 83 badala ya 82: silinda imechongwa, na juu ya pistoni mara nyingi utaona 020 au 040, yaani nyongeza ya upana kwa elfu za inchi. Ndiyo maana tunaamini safari kuliko upana. Fundi hachongi safari.

Lakini vipimo navyo vina mahali vinapogota. BSA B33 ni 85 kwa 88. BSA Gold Star ya 500, ambayo bei yake ni habari nyingine kabisa, nayo ni 85 kwa 88. Toa sumaku mfukoni. Kwenye silinda ya B33 itanata, ni chuma. Kwenye Gold Star itateleza na kuanguka, kwa sababu mapezi ni ya aluminiamu na chuma ni ganda la ndani tu. Angalia pia njia ya pushirodi, vijiti vinavyosukuma valvu: Gold Star imeumbwa pamoja na silinda, B33 ina bomba lililowekwa kando. Herufi GS zilizogongwa kwenye injini bila hivi viwili ni herufi tu.

Adimu nyingine hujitangaza zenyewe. Bomba nene linalopanda upande wa kulia hadi kwenye kichwa ni shafti ya kamu ya juu: Norton International au Manx, au Velocette za ukoo wa K. Plagi nne zilizokaa mraba ni Ariel Square Four. Vincent ya silinda mbili ina F10AB, na namba ya fremu ya nyuma inapaswa kuzidi ya injini kwa 1900 kamili.

Halafu igeuze. Chini ya krenkikesi nusu zote mbili hugongwa alama moja, kwa kuwa zilichongwa pamoja. Zisipolingana, umeuziwa nusu ya injini moja na nusu ya nyingine, na beringi za krenki hazitakaa kwenye mstari.

Spana ya 13 ikikataa kuingia na ya 14 ikateleza, hiyo ni nati ya robo Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, mm 13.3. Usiilazimishe.