Namba 312 kwenye foleni ya Wimbledon

Nilipompigia mjomba simu kumwambia nakwenda Wimbledon, kwenye mashindano ya tenisi ya London, hakuuliza nani anacheza na nani. Aliuliza, "Nyasi zao huzikata urefu gani, mwanangu?"

Sikushangaa. Mjomba alitunza viwanja vya tenisi vya klabu moja Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini. Vilikuwa viwanja vya murram, vikimwagiwa maji alfajiri na kuburutiwa roli la chuma kabla jua halijakuwa kali. Mimi na binamu zangu tulikuwa waokota mipira. Kuokota tuliruhusiwa, raketi tusiguse, na sheria hiyo haikuandikwa mahali popote ila kila mtu aliijua. Hesabu ya tenisi niliisoma nimechuchumaa kando ya wavu: kumi na tano, thelathini, arobaini. Kwa nini arobaini na si arobaini na tano? Mjomba alisema Wazungu walichoka kuhesabu.

Julai 2023 nilikuwa Leicester, Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jumatatu ile Ons Jabeur alimfunga Petra Kvitova, bingwa wa mara mbili wa Wimbledon, 6-0, 6-3, nami nikaona kwenye ratiba kwamba Jumatano atakutana robo fainali na Elena Rybakina. Ni Rybakina huyo huyo aliyemnyang'anya fainali ya 2022 baada ya Jabeur kuchukua seti ya kwanza (kwa wanawake, anayetangulia kupata seti mbili ndiye mshindi). Jabeur ni wa Tunisia. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufika fainali ya mashindano makubwa ya tenisi tangu mwaka 1968, yalipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa. Nikabadilishana zamu na mwenzangu mmoja, nikamwahidi Jumamosi usiku nitamfanyia yake. Jumamosi ile ndiyo ilikuwa fainali, lakini hilo sikulipigia hesabu.

Kuna jambo moja zuri kuhusu Wimbledon ambalo watu wa kwetu wengi hawalijui. Huhitaji kuwa tajiri wala kumjua mtu. Kila siku hutengwa tiketi kama mia tano za kila kimoja kati ya viwanja vitatu vikubwa, kwa wale wanaopanga foleni. Kwa Uwanja wa Kati, ulio mkubwa kuliko vyote, tiketi za foleni huishia Jumatano ya wiki ya pili. Kuanzia Alhamisi hazipo. Kwa hiyo Jumatano hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, na wenye akili walikuwa wameshaligundua jambo hilo kabla yangu.

Jumanne alfajiri nilipitia Belgrave Road kununua bajia na kachori. Mwenye duka ni Mhindi aliyetoka Kampala 1972, Amin alipowafukuza, na Kiswahili chake bado kina kutu tamu ya zamani. "Unakwenda wapi na hema, dada?" Nikamwambia. Akaniongezea kachori nne bila malipo, akasema foleni ya usiku kucha bila kachori ni adhabu.

Basi hadi kituo cha Victoria, London, kisha treni ya chini ya ardhi. Hapo nilifanya kosa la kila mgeni: nikashuka kituo kinachoitwa Wimbledon. Uwanja hauko hapo. Kituo cha karibu ni Southfields, ambacho nilikuwa nimekipita nikiwa nimesimama mlangoni na hema mkononi. Nikapanda basi namba 493, dereva akanitazama mzigo wangu akacheka kimya kimya. Si mimi wa kwanza.

Foleni yenyewe iko ndani ya bustani kubwa, Wimbledon Park, ng'ambo ya barabara. Nilitegemea vurugu. Nilikuta mahema yamepangwa mistari kama shamba la mahindi, na wazee waliovaa makoti wakigawa kadi za karatasi zenye namba na tarehe. Yangu ilikuwa 312. Kadi hiyo ni roho yako. Huwezi kumshikia mtu nafasi, huwezi kuondoka zaidi ya nusu saa, na hema lako likikutwa bila wewe umejiondoa mwenyewe. Mimi niliyekulia kwenye foleni za sukari na za hospitali, ambako mtu mmoja huja kuwashikia watu kumi na wawili, nilikaa nikiitazama kadi ile kwa heshima.

Jirani yangu, 313, alikuwa mama wa Kitunisia aliyekuja kutoka Ufaransa, amejifunga bendera nyekundu mabegani. Kiingereza chake kidogo, Kifaransa changu hakipo. Tukasaidiwa na maneno yale yaliyovuka bahari zamani. Manyunyu yalipoanza mchana alinyoosha kidole mbinguni akasema, "Sabr." Nikamjibu, "Subira." Akanishika mkono kana kwamba amegundua mimi ni binti wa dada yake. Alinipa tende na mkate wenye pilipili, nikampa bajia. Akamwita Jabeur kwa jina analoitwa kwao: Waziri wa Furaha.

Mchana huo, ng'ambo ya ua, Elina Svitolina wa Ukraine alikuwa akicheza na Iga Swiatek, namba moja wa dunia. Sisi tulisikiliza kwa simu ya kijana mmoja, watu wanane tumeinamia skrini moja. Svitolina alikuwa amejifungua binti Oktoba iliyotangulia, na alirudi uwanjani kwa nafasi ya upendeleo kwa sababu viwango vyake vilikuwa vimeshuka. Raundi ya kwanza alimtoa Venus Williams mwenye miaka 43. Venus ndiye aliyepigania wanawake walipwe sawa na wanaume hapo Wimbledon, wakakubaliwa 2007. Mwaka huo wa safari yangu bingwa wa kila upande alichukua pauni 2,350,000. Svitolina akamfunga Swiatek 7-5, 6-7, 6-2. Mahema yakalipuka vigelegele, na mzee mmoja wa makoti akaja kutuomba tupunguze, huku naye anatabasamu.

Kulala, sikulala. Ardhi ya Uingereza mwezi wa Julai ina baridi inayopanda polepole kupitia mgongo. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi walipita wakigonga mahema: kunja, kaza foleni. Mizigo ikapelekwa kuhifadhiwa. Kisha ukaja ule wakati wa vikuku vya karatasi, rangi kulingana na kiwanja. Nilipofungwa changu cha Uwanja wa Kati nilimwangalia mama 313. Naye alipata. Alilia kidogo, akajifuta kwa bendera.

Milango hufunguliwa saa nne. Kwanza nilikwenda kuona viwanja vidogo, maana nilikuwa na nadhiri yangu. Mwaka mmoja kabla, Julai 2022, Angella Okutoyi wetu wa Nairobi, aliyelelewa na bibi yake, alishinda hapa ubingwa wa wasichana wawili wawili akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Walifunga 3-6, 6-4, 11-9. Mkenya wa kwanza kabisa kuchukua taji la mashindano makubwa ya tenisi, hata kama ni la vijana. Siku ile nilikuwa kazini nikaipata habari kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, katikati ya picha za harusi. Sasa nilisimama kwenye vijia vile nikitazama wasichana wa miaka kumi na sita wakipiga mipira, na hakuna aliyenizuia kusimama. (Mmoja wa wale Wakanada wawili waliofungwa na Angella alikuwa Victoria Mboko, ambaye wazazi wake wametoka Congo. Agosti 2025 Mboko alishinda mashindano ya Canada, akimfunga Naomi Osaka kwenye fainali. Nikilifikiria lile 11-9 hujiona tajiri.)

Nilinunua stroberi na malai, pauni mbili na nusu, bei ambayo wakati huo haikuwa imepanda tangu 2010. Lilikuwa jambo la ajabu katika nchi ambayo kila kitu kinapanda. Ladha? Embe la Malindi lisihofu.

Uwanja wa Kati huchukua watu karibu elfu kumi na tano, lakini ukiingia unajiona uko sebuleni. Kiti changu kilikuwa chini, karibu kuliko nilivyotegemea. Jambo la kwanza nililofanya ni kutazama ardhi, kwa ajili ya mjomba. Nyasi hukatwa milimita nane. Lakini wiki ya pili huwezi kuziona nyasi pale wachezaji wanaposimama kuanzisha mpira: pamechakaa, pamekuwa kahawia, udongo mtupu. Nikapiga picha.

Jambo la pili ni waokota mipira. Nisameheni, sikuweza kuacha. Ni wanafunzi wa shule za jirani, karibu 250, wamechujwa kutoka maombi kama elfu moja na hufanya mazoezi tangu Februari. Wanasimama kama askari wa gwaride, mpira unaviringika chini na kufika mkononi mwa mwenzake bila kudunda. Mipira hubadilishwa baada ya gemu saba za kwanza, kisha kila gemu tisa. Kwetu mpira ulitumika mpaka upate upara, na ukishapata upara ndipo ulikuwa wetu.

Saa saba na nusu walitoka. Rybakina mrefu, uso haucheki wala haununi, mzaliwa wa Moscow anayechezea Kazakhstan. Akianzisha mpira unasikia mlio kabla hujauona. Jabeur mfupi kwake, mabega mapana, anajisemesha, anautazama mpira kana kwamba wana mazungumzo. Mwaka huo Wimbledon ilikuwa imewaruhusu wanawake kwa mara ya kwanza kuvaa kaptura za ndani za rangi nzito chini ya nguo nyeupe, ili wakiwa katika siku zao wasicheze na hofu. Ilichukua miaka mia na zaidi kulifikiria jambo hilo.

Seti ya kwanza ilikwenda hadi mipira ya kuamua na Rybakina akaichukua, 7-6. Mama 313, ambaye alikuwa safu ya nyuma yangu, alifunika uso kwa bendera. Nilifikiri imekwisha, inarudiwa ile ya 2022 ila kwa njia fupi.

Lakini Jabeur ana kitu ambacho televisheni haikionyeshi vizuri. Anainua raketi kama anayetaka kuupasua mpira, mwenzake anarudi nyuma hatua mbili, kisha mkono unalegea mwishoni na mpira unavuka wavu kwa shida, unaanguka, haudundi. Kwenye nyasi zilizochakaa unakufa kabisa. Uwanja mzima ulikuwa ukivuta pumzi kabla ya Rybakina kuanza kukimbia. Mtu mwenye nguvu zile kufungwa kwa mpira mlegevu! Nilimkumbuka mjomba akifagia mistari kwa ufagio wa makuti, akituambia mchezaji mpumbavu hupiga mpira, mjanja hupiga ardhi. Nilidhani anatetea kazi yake tu.

Seti ya pili 6-4. Ya tatu Rybakina alipata gemu moja peke yake, 6-1. Pointi ya mwisho sikuiona, mbele yangu watu walikuwa wameshasimama. Nikahisi tu bendera imenifunika kichwa kutoka nyuma, ina harufu ya pilipili na mvua.

Tuliagana Southfields bila kubadilishana namba za simu. Mpaka leo najilaumu.

Alhamisi Jabeur alimtoa Aryna Sabalenka. Jumamosi mchana ikafika fainali dhidi ya Marketa Vondrousova wa Czech, ambaye hakuwa hata kwenye orodha ya waliopangiwa nafasi, na ambaye mumewe alibaki Prague kumtunza paka mpaka siku hiyo ya fainali. Niliitazama kwenye kitanda changu, nikijaribu kulala kabla ya ile zamu niliyoikopa. Jabeur aliongoza 4-2 seti ya kwanza, akapoteza 6-4. Aliongoza 3-1 ya pili, akapoteza 6-4. Bingwa wa wanaume Wimbledon hupewa kombe, wa wanawake hupewa sinia la fedha, sinia hasa, na sisi tunaokula pilau pamoja tunajua sinia ni la watu wengi. Jabeur alipewa dogo, la mshindi wa pili. Akalia mbele ya watu wote, akasema hakuna kipigo kilichomuuma kama hicho.

Saa mbili usiku niliingia kazini. Bibi mmoja wa chumba cha mwisho, ambaye hutazama tenisi kila Julai na husahau jina langu kila jioni, aliniuliza kama nimemwona yule msichana akilia. Nikamwambia nimemwona Jumatano, akiwa anacheka. Hakuniamini.

Mjomba nilimtumia ile picha ya ardhi iliyochakaa. Alikaa nayo siku mbili, kisha akapiga.

"Hiyo ndiyo Wimbledon?"

"Ndiyo hiyo, mjomba."

"Mbona hawamwagi maji pale nyuma?"

Nikamweleza wiki mbili za mashindano, watu waliopita juu yake, jua na mvua. Alinyamaza kidogo. "Sisi," akasema, "tungeshafukuzwa kazi."