Manne

Leo siku ya tano na bado namsikia yule mzee wa Valletta, mji mkuu wa Malta.

Tuliingia Grand Harbour alfajiri, ngome kulia na kushoto, mawe yote rangi ya asali. Nikapata ruhusa hadi saa nane mchana. Mji ulianza kujengwa 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki kukizingira kile kisiwa wakashindwa, na mitaa yake imenyooka mpaka majini. Si kama kwetu Amu, punda wawili wakikutana mmoja hana budi kurudi nyuma. Nilizunguka kidogo, nikateremka gatini, nikapanda dgħajsa ya yule mzee kuvuka kwenda Birgu. Ni mashua nyembamba, omo na tezi zimesimama wima.

Tuko katikati ya maji, mzinga ukalia juu kule Barrakka. "Nofsinhar," akasema mzee. Adhuhuri. Nikaisikia nusu humo ndani, nikaisikia nahari, yaani mchana. Nikamwambia kwetu pia tunasema nusu, tena sita, saba, tisa. Akapunguza mashine. "Sitta, sebgħa, disgħa!" Tukahesabu pamoja kama watoto wa chuoni. Bahari kwao ni baħar, dunia ni dinja. Moyo ulinijaa, jamani.

Kisha akanionyesha kibanda cha mlinzi kwenye ncha ya Senglea, kimechongwa jicho na sikio juu ya jiwe. Akasema hata luzzu, mashua zao za kuvulia, zina macho omoni. Nikamweleza kuwa majahazi ya kwetu Lamu nayo yana macho, duara za ubao zenye nyota na mwezi, na kwamba baba huyachonga.

"Na wewe umechonga mangapi?"

"Manne."

"Erbgħa!" Akaupiga ubavu wa mashua kwa kiganja, uso umemchanua.

Sijachonga hata moja, mnajua. Nilipiga msasa, nilipaka rangi nyeupe, lakini siku baba aliponipa patasi nilisema kesho, na kesho yake nikaenda Mombasa kutafuta meli. Angeniuliza kama najua kuchonga, ningesema hapana. Aliuliza mangapi. Mtoto wa fundi ataulizwaje vingine? Baba mwenyewe hajaniuliza kitu tangu siku ile, kila nikipiga simu huuliza nimekula nini. Natandika vitanda vya abiria, nakunja shuka pembe kwa pembe, na kile kiganja kinapiga ubao. Manne. Kwa nini manne?

Wiki hii mkataba umeongezwa miezi miwili, na Zuhura kajifungua salama, alhamdulillah.

Jana nilimpigia baba. Nikamwuliza jicho la jahazi huchongwa kwa mti gani.

"Wowote, bora uwe umekauka vizuri," akasema.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Halafu shangazi akachukua simu: punda hajala tangu Jumapili, na mguu wa nyuma umevimba.