Kumbukumbu ya mradi: watu watatu, hakuna anayeshika taimu

Kwa waliouliza mradi wetu wa kujifunza jazi huru, ile jazi isiyofungwa na mapigo wala mpangilio uliowekwa, umefikia wapi: bado tuko watatu, bado tunafanyia mazoezi kwenye chumba kilekile nyuma ya stoo ya dagaa, Kirumba, Mwanza, na sasa tunaweza kupiga karibu robo saa bila mtu yeyote kushika taimu, yaani kuhesabu mapigo, na ikasikika ni muziki. Mwaka jana dakika mbili tu zilikuwa zinatushinda.

Kwa wageni: mimi napiga gitaa la besi. Drams anapiga dogo mmoja wa timu ya sifa kanisani. Saksofoni iko mikononi mwa Mzee, mstaafu, aliyezunguka na bendi za dansi ujanani halafu akamalizia kwenye matarumbeta ya kanisa. Darasa letu ni rekodi moja tu: Spiritual Unity ya Albert Ayler, iliyorekodiwa New York tarehe 10 Julai 1964. Ayler yuko kwenye saksofoni, Gary Peacock besi, Sunny Murray drams. Yote haifiki nusu saa.

Dogo alitaka tuanze na Free Jazz ya Ornette Coleman ya mwaka 1960, ile ya watu wanane: kundi moja la wanne linatoka spika ya kushoto, jingine ya kulia, dakika 37 mfululizo. Nikakataa. Kusikiliza ni raha, lakini kujifunzia hapana, maana katika watu wanane unaweza kujificha. Mkiwa watatu, mmoja akizubaa shimo linasikika hadi barabarani.

Drams ndizo zilizotuchelewesha. Dogo ana mkono mzuri, na huo mkono ndio shida yenyewe: umezoea mapambio. Kiki (ngoma kubwa ya mguu), sneya (ngoma ndogo kali), kiki, sneya, ukimwacha kidogo tu karudi hukohuko. Murray hapigi hivyo. Matoazi yake yanavuma bila kukatika, sneya inapita chini yake kama mvua inayoanza kudondoka kwenye bati, na hakuna mahali unapoweza kupiga makofi ukalingana naye. Halafu anaguna. Sikilizeni kwa spika za masikioni mtamsikia, anaguna na kuomboleza nyuma ya ngoma zake. Dogo mwanzoni alijua ni kasoro ya rekodi.

Basi tukamnyang'anya kiki. Tukamwachia sneya, haihati (matoazi mawili ya kufunga kwa mguu) na toazi moja. Akakaa na vijiti mapajani.

“Sasa mimi napiga nini hapa?”

“Niangalie kifua, mwanangu,” Mzee akamwambia. “Nikivuta pumzi, legeza. Nikipuliza, ingia na mimi. Usihesabu.”

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Pumzi ya mzee wa umri ule haina urefu mmoja: nyingine ndefu, nyingine inakatika katikati, na akichoka unaisikia. Dogo akaanza kujaza na kupunguza kwa kuifuata. Nimesikiliza tena rekodi zetu za simu za kipindi kile, na unaweza kuonyesha kwa kidole siku mkono ulipoacha kuhesabu.

Upande wangu nao ulikuwa na kazi. Kwenye dansi besi ndiyo nguzo, waimbaji wote wanaegemea kwako. Peacock haegemewi na mtu. Miezi michache tu kabla ya rekodi hii alikuwa kwenye trio ya Bill Evans, piano laini kabisa, kisha akaingia kwenye moto huu, na vidole vyake vinakimbia kando ya saksofoni bila kuifuata. Yeye alipiga besi ile kubwa ya kusimama, isiyotumia umeme, na noti zake zinakufa mapema. Za kwangu zilikuwa zinaning'inia zikamfunika Mzee. Dawa yake ni rahisi mno: kipande cha sponji ya kuoshea vyombo chini ya nyuzi, karibu na daraja. Noti sasa inapiga “dum” na kuondoka. Nimepunguza na amplifaya. Sponji imefanya kazi kuliko kanyagio zote za kubadili sauti nilizowahi kuzitamani!

Mzee hakuhitaji kufundishwa sana. Nilipomwekea Ghosts, wimbo wa kwenye rekodi hiyo, mara ya kwanza alicheka: “Huyu katoka kwenye matarumbeta.” Na kweli. Ayler alifundishwa na baba yake, alipiga naye kanisani Cleveland, akiwa jeshini akapiga kwenye bendi ya jeshi huko Ufaransa. Melodi zake ni za kuimbika na mtu yeyote, ndipo anapoanza kuzichanachana. Kuchana ndiko Mzee hakupendi. Anasema sauti ile inachosha meno, na Ayler alitumia ridi (kile kibanzi cha mdomoni kinachotoa sauti) ngumu za plastiki, wakati yeye anasubiri za mwanzi zije kwa basi kutoka Dar na akizipata anazitunza kama dawa. Sijamlazimisha. Anapiga melodi, anaizungusha, anaivunja kwa upole, na binafsi naona trio yetu inapata sura yake hapohapo.

Kilichobaki ni kumaliza. Kuanza tunaweza, kusimama pamoja bado tunatazamana machoni, na sitaki tupeane ishara.

Juni, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, tunapanda daladala hadi Kisesa, halafu Bujora linakofanyika. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya jadi, wakishindana, makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja uwanja uleule, kila moja na ngoma zake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Nataka Dogo asimame katikati na simu yake arekodi pande zote mbili. Mzee amesema atakuja, ila nauli juu yangu.