Kolo na kurudi, na pikipiki ya kilo 268

Saa 9:30 usiku, Arusha

Mke wangu ananiuliza kwa sauti ya usingizi leo nabeba nini. Namwambia pikipiki.

"Pikipiki moja ndiyo ya kuamkia saa tisa?"

Ana haki ya kushangaa. Boxer ya mtu ikiharibika Usa River naifuata na utingo wangu, tunaipakia huku tunapiga soga, mmoja mbele, mwingine nyuma, imo. Ya leo ni habari nyingine. Jana jioni fundi mmoja wa Njiro, hapahapa Arusha, alinipigia: kuna dada Mkenya amekwama Kolo, kule mbele ya Babati, na BMW R 1250 GS Adventure. Aliingia kwenye shimo, rimu ya mbele imepasuka, tairi halishiki upepo. Swali langu lilikuwa moja tu, kama breki zinashika. Akasema zinashika. Tukakubaliana laki nne na nusu, mafuta juu yangu.

Pikipiki hiyo, tangi lake la lita 30 likijaa, ina kilo 268, na hapo hujafunga masanduku. Boxer haifiki nusu yake. Zipo nzito zaidi, Honda Gold Wing inakaribia kilo 380, lakini ile imelala chini. Hii imesimama juu, kiti chake kiko karibu sentimita 90 kutoka ardhini, na ikishainama kupita kiasi hakuna mwanaume wa kuirudisha. Wanaojaribu huishia chini yake.

Tunapakia vifaa kwa mwanga wa simu: mikanda sita ya racheti, vitanzi vinne vya kitambaa, mbao mbili nene za futi nane, magogo mawili ya kuzuia matairi, kipande cha zulia, na tairi kuukuu la Noah. Hilux yangu ni ya kebini moja, bodi yake ina mita 2.3 na ushee. Pikipiki yenyewe ina mita 2.27. Wenye dabo kebini mzigo kama huu wanaubeba mlango wa nyuma ukiwa wazi, tairi linaning'inia nje, nao roho mkononi njia nzima.

Saa 10:15 alfajiri

Tunapita Mnara wa Saa. Watu wa Arusha tunapenda kusema pale ndipo katikati ya Cape Town na Cairo. Utingo kishalala. Mimi na redio mpaka Makuyuni.

Saa 12 asubuhi

Kunapambazuka tukiwa Minjingu, kwenye kiwanda cha mbolea. Tukifika Magugu watu wameshaanika mpunga. Babati tunakunywa supu na chapati mbili mbili, halafu tunaanza kupanda milima ya Bonga na Bereko. Kabla ya 2018, lami ya kutoka Dodoma mpaka Babati ilipokuwa haijazinduliwa, kazi hii ningeitoza mara mbili, na bado ningelalamika.

Saa 3 asubuhi, Kolo

Wageni wengi wanaofika Kolo huja kuona michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mimi hii ni mara yangu ya nne kufika na michoro sijaiona. Kila nikija nabeba kitu.

Pikipiki iko kwenye uwanja wa mzee mmoja wa Kirangi, imefunikwa turubai la alizeti. Namwamkia mzee shikamoo, anaitika, anatuletea karanga za kuchemsha. Dada mwenyewe ni mtu mzima, kwenye hamsini hivi, kavaa suruali nzito ya safari na kandambili za mwenye nyumba. Ametoka Nairobi mpaka Cape Town na kurudi, na shimo lililomkamata liko hatua mia nne tu kutoka hapa. Alikuwa anapita lori. Usiku kalazwa kwenye kitanda cha binti wa mzee, na asubuhi kakatazwa kulipa.

Na hapo ndipo shida ya kweli ya kazi hii inapojitokeza: watu wa kusaidia. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wamefika wanane, mikono wamekunja, kila mmoja anatafuta pa kushika. Mmoja keshakamata taa ya pembeni. Naomba wote warudi nyuma hatua tano. Pikipiki nzito ikishikwa na watu wanane, wanne wanasukuma, wawili wanavuta, mmoja ananing'inia, na wa nane yuko upande ambao itaangukia. Nachagua wawili waliokuwa kimya.

"Kaka," dada ananiita, "si mimi niipandishe tu na injini? Hii kitu nimeendesha mpaka Cape Town. Mbao mbili ni kazi ya sekunde mbili. Ama hata—"

"Hapana, dada. Samahani." Sikumwacha amalize.

Nikamweleza sababu. Akiwa amekaa juu yake miguu inafika chini kwa ncha za vidole. Akifika katikati ya ubao, ardhi iko chini zaidi, hakuna pa kukanyaga. Injini ikizimika pale, au tairi la mbele lisilo na upepo likiteleza, anaanguka kutoka juu kuliko kimo chake na kilo 268 zinamfuata. Akanyamaza. Akasema sawa. Nikajiona nimeshinda.

Kijana mmoja anashauri twende mnadani, kuna kipandio cha ng'ombe. Wazo si baya, nami nimewahi kukitumia kwingine, ila kinajengwa kwa kimo cha Fuso. Tukaenda kupima: kinaizidi bodi yangu kwa zaidi ya dhiraa moja. Kuishusha pikipiki kutoka juu kuingia kwenye pikapu ni kubaya kuliko kuipandisha.

Dawa tuliipata kando ya barabara. Kuna mtaro mkavu, na upande wa shamba ukingo wake umesimama hadi kiunoni. Nikaingiza Hilux kinyumenyume mpaka matairi ya nyuma yakazama mtaroni na mdomo wa bodi ukawa sawa na ukingo, ikabaki nafasi ya shubiri mbili. Mbao tukazilaza juu ya nafasi hiyo kama daraja. Magogo nyuma ya matairi, breki ya mkono, gia ya kwanza. Mlima umekwisha. Kilichobaki ni kusukuma kitu chenye magurudumu mahali tambarare, na hilo hata mwanangu anaweza.

Masanduku matatu ya alumini tunayatoa kwanza, na vioo pia. Dada anashika usukani na breki ya mbele, kwa sababu hakuna anayeijua breki hiyo kama yeye. Mimi niko upande wa kulia kwenye kiti, vijana wangu wawili nyuma, utingo yuko ndani ya bodi. Amri inatoka kwangu peke yangu. "Twende." Hatua mbili. "Simama." Breki. "Twende." Rimu iliyopasuka inalia kwenye mbao kama kijiko kwenye sufuria. Dakika tano na iko ndani, tairi la mbele limegota kwenye lile la Noah nililoliegemeza nyuma ya kebini.

Kufunga kulichukua nusu saa, na sikubali kuharakishwa. Vitanzi nafunga kwenye vyuma vigumu vya chini. Sishiki usukani, sishiki plastiki, wala chuma chochote kinachocheza. Mikanda miwili ya mbele inavuta mbele na chini, kila mmoja kwenye kona yake. Nakaza upande huu mara mbili, naenda upande wa pili mara mbili, mpaka shokapu zishuke kama nusu ya safari yake. Usizikandamize mpaka mwisho, utaua sili za mafuta. Usiziache juu pia, kwa sababu tuta la kwanza tu zitashuka zenyewe na mikanda italegea. Miwili ya nyuma ni ya kuzuia mkia usicheze. Miwili ya akiba. Stendi naikunja, pikipiki isimame kwa mikanda tu. Ukiiacha juu ya stendi, kila shimo la njiani linakuwa nyundo kwenye kile kichuma kimoja.

Ncha za mikanda nazifunga mafundo. Ncha inayopeperuka huweza kufungua mkanda wenyewe, au ikamchapa mtu wa baiskeli usoni.

Saa 6 mchana

Tunaondoka watu watatu kwenye kiti kimoja, masanduku nyuma, karanga mapajani. Kilomita kumi na tano mbele nasimama kukagua. Dada anauliza kama kuna kitu kimeharibika. Namwambia bado, ndiyo maana nasimama. Mkanda wa mbele kushoto umelegea vidole viwili: tairi lisilo na upepo limejikunja chini ya uzito na pikipiki imeshuka. Nakaza.

Saa 8:30 mchana, Babati

Wali, maharage, samaki. Dada analalamika chakula cha Tanzania hakina haraka. Tunacheka, kwa sababu anakula polepole kuliko sisi wote.

Mbele kidogo tunasimamishwa na trafiki. Kijijini mwisho ni 50, na mimi nilikuwa 46, faini ya elfu thelathini naijua vizuri na siitaki. Kumbe ana lake. Anaitazama namba ya pikipiki, inaanza na KM, ya Kenya. Dada anatoa leseni, pasipoti na kibali cha forodha, vyote kwenye bahasha moja ya plastiki. Afisa anasoma, anainua macho.

"Mama, hii unaendesha mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

Akamwita mwenzake aje aone. Tulipoteza dakika ishirini kwa maswali ya inakula mafuta kiasi gani.

Saa 10:30 jioni, Kwa Kuchinja

Pundamilia wanavuka kuelekea upande wa Manyara na magari yote yanangoja. Nakagua mikanda kwa mara ya nne. Upepo wa hapa unapiga ubavuni, na pikipiki iliyosimama kwenye bodi ni kama tanga. Nateremka mpaka 70 na siongezi tena hadi Makuyuni. Fuso zinanipigia honi. Zipige.

Saa 1 usiku, Njiro

Uwanja wa fundi ni tambarare kama meza. Hakuna mtaro, hakuna ukingo. Itabidi tushushe kwa mbao, kinyumenyume, gizani, na miaka yangu yote kumi na mbili kwenye kazi hii inanikumbusha kwamba nyingi huanguka wakati wa kushusha. Watu wamechoka, wanaona kazi imekwisha.

Tunapanga kama asubuhi: breki ya mbele kwa dada, wengine tunazuia. Tairi la nyuma linaingia kwenye ubao, hatua moja, nasema "Simama." Dada anabana breki. Gurudumu la mbele linasimama kweli, halizunguki, lakini pikipiki inaendelea kushuka. Linaburuzika juu ya bodi. Utingo anasukuma gogo nyuma ya tairi la nyuma na tunasimama hapo, jasho limenitoka mgongoni ghafla.

Sababu niliijua sekunde ileile, na ningepaswa kuijua mapema. Ikishuka kinyumenyume uzito wote unahamia kwenye gurudumu la nyuma. La mbele linabaki jepesi, tena halina upepo, kwa hiyo breki yake inabana kitu kisichokanyaga. Breki ya nyuma nayo ni ya mguu, na hakuna wa kuikanyaga huku anatembea kando ya mbao.

"Kaka," dada anasema polepole. "Tia gia ya kwanza. Injini ibaki imezimwa. Mimi nishike klachi, peke yake."

Nikatia gia. Akaachia klachi na gurudumu la nyuma likafungwa na injini yenyewe. Utingo akatoa gogo. Pikipiki haikwenda popote. Dada akabana klachi kidogo, ikashuka shubiri moja. Akaachia, ikasimama. Akabana, akaachia. Breki ya nyuma, ila iko mkononi. Ilishuka mbao zile kama mtu anayeteremka ngazi amebeba mtoto aliyelala, na sisi wanaume watano tulikuwa tumeishika tu ili tuonekane tunafanya kitu.

Matairi yalipogusa ardhi nikamuuliza alijifunza wapi.

"Nyumbani. Pale naegesha kuna mteremko na ninaishi peke yangu." Akavua glovu. "Asubuhi nilitaka kukuambia. Ukanikata."

Nikamwomba radhi. Akanilipa laki nne na nusu kwa simu, pamoja na ada ya kutolea. Rimu itakuja kwa basi kutoka Nairobi keshokutwa.

Saa 3 usiku, nyumbani

Nahesabu mikanda, ipo mitano. Utingo anakiri kwamba mmoja wa ile ya akiba alimwachia mzee wa Kolo, alikuwa na mlango wa zizi unaomsumbua. Sina cha kumwambia.

Mke wangu anaweka ugali mezani, anaketi, ananitazama.

"Imefika?"

"Imefika salama."

"Sasa mbona mkono wa kushoto unabana hewa?"