Ziwa la Texcoco Mezani: Kumbukumbu ya Mfano Wangu wa Tenochtitlan, 1521

Mfano sasa una maji. Kwa mnaoufuatilia mradi huu, naunda bonde la Mexico kama lilivyokuwa mwishoni mwa Mei 1521, Wahispania na washirika wao walipoanza kuuzingira Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki. Wenyewe walijiita Wamexica, nami nitawaita hivyo. Tangu nilipoandika mara ya mwisho nimemaliza ziwa, barabara tatu kuu zilizolivuka, na ule ukuta mrefu uliotenga maji ya chumvi na maji baridi. Merikebu za Wahispania ziko dirishani zinakausha rangi.

Nimeanza na maji kwa makusudi. Masimulizi mengi ya vita hivi huanza na farasi, bunduki na Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania, akishuka pwani ya Veracruz mwaka 1519, kisha hurukia ushindi. Lakini mji wenyewe ulikuwa kisiwani, katikati ya ziwa, na ulikaliwa na watu zaidi ya laki moja. Farasi hana kazi juu ya maji. Anayetaka kuelewa kwa nini mji ule ulianguka, na kwa nini haukuanguka mapema, atazame ziwa kwanza, kisha atazame ni nani waliokaa kando yake. Mfano huu nauunda ili mtu aweze kuyaona hayo mawili kwa mara moja.

Ubao na kipimo

Kipimo ni 1:20,000, yaani sentimita moja mezani ni mita 200 za bondeni. Kutoka Tlacopan upande wa magharibi hadi Texcoco upande wa mashariki ni kama kilomita 32, hivyo nilihitaji zaidi ya mita moja na nusu. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ilitosha kwa urefu huo na ikabaki. Kwa upana haikutosha: ukiweka Texcoco na Tepeyac kaskazini, Xochimilco inaangukia nje ya ubao. Nikakata kile kipande kilichobaki na kukiunga kusini kwa gundi ya mbao na vipande vya mbao chini yake. Xochimilco na Chalco haziwezi kuachwa. Huko ndiko zilikokuwa chemchemi za maji baridi na bustani za chinampa, yale mashamba ya matope yaliyoinuliwa ndani ya ziwa lenye kina kifupi, yaliyolisha sehemu kubwa ya mji.

Milima nimeijenga kwa kadibodi tabaka juu ya tabaka, nikapaka jipsamu na kusugua kwa msasa. Urefu wake nimeuzidisha mara tatu, maana bila hivyo kilima cha Tepeyac kisingeonekana kabisa.

Kuhusu mwambao niseme jambo moja. Ziwa lenyewe leo karibu lote limekauka. Wahispania walianza kazi kubwa ya kulitoa maji mwaka 1607 huko Huehuetoca, na wengine wakaendelea karne baada ya karne. Uwanja wa ndege wa Benito Juárez upo juu ya lililokuwa ziwa. Kwa hiyo mstari wa ufuko nimeuchora kwa kulinganisha ramani za watafiti, na sikuitegemea ile ramani ya mji iliyochapishwa Nuremberg mwaka 1524 pamoja na barua ya Cortés. Inapendeza mno, ila inauonyesha mji kama duara safi lililozungukwa na duara jingine la maji, na haifai kwa kupimia.

Maji mawili

Hapa ndipo nimetumia muda mwingi, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ziwa la Texcoco lilikuwa na chumvi upande wa mashariki, kwa sababu ndilo lililokuwa bonde la chini kabisa na maji yake hayakuwa na pa kutokea. Maziwa ya kusini, Xochimilco na Chalco, yalikuwa juu kidogo na maji yake yalikuwa baridi. Mvua zikizidi, maji ya chumvi yalipanda na kuvamia mji na mashamba. Baada ya mafuriko ya mwaka 1449, Moctezuma wa Kwanza alimwomba msaada Nezahualcoyotl, mtawala wa Texcoco, na ukajengwa ukuta wa mawe na miti wenye urefu wa kama kilomita 16, kutoka kaskazini hadi karibu na Iztapalapa. Mezani ni sentimita 80. Nimeujenga kwa vijiti vya meno vilivyopangwa safu mbili, katikati nikajaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe, nikaacha matundu ya milango ya maji.

Magharibi ya ukuta nimepaka kijani kinachoelekea samawati. Mashariki ni kijivu chenye udongo. Juu ya rangi nimeweka vanishi, na maziwa ya kusini nimeyaongezea mikono kadhaa zaidi ili yakae juu kidogo ya Texcoco. Kwa kipimo changu tofauti ya mita tatu ni sehemu ndogo sana ya milimita, na vanishi inaitoa vizuri kuliko kitu chochote kingine nilichonacho.

Wamexica waliyajua maji yao kama silaha. Mapema mwaka 1521 Cortés alipouvamia mji wa Iztapalapa, waliyafungulia maji usiku, na kikosi chake kikaponea chupuchupu. Baruti yao yote ililowa. Pale nimeweka alama nyekundu.

Barabara na madaraja

Barabara kuu zilikuwa tatu: ya kaskazini kwenda Tepeyac, ya magharibi kwenda Tlacopan, na ya kusini kwenda Iztapalapa yenye tawi la kuelekea Coyoacan. Cortés aliandika kwamba ile ya kusini ilikuwa na upana wa kupitisha wapanda farasi wanane bega kwa bega. Kwa kipimo halisi hiyo haifiki hata nusu milimita, kwa hiyo nimezipanua zote hadi milimita tatu, na kwenye kadi ya maelezo nitalisema wazi.

Kila barabara ilikatwa na mapengo yaliyopitisha maji na mitumbwi, na juu ya mapengo kulikuwa na madaraja ya mbao ya kuondolewa. Madaraja yangu sikuyagandisha kwa gundi. Nataka mtazamaji ayaondoe kwa mkono wake kwenye barabara ya Tlacopan, aone barabara inavyogeuka mtego. Usiku wa tarehe 30 Juni 1520 Wahispania waliokuwa mjini walijaribu kutoroka kupitia hapo, wiki chache baada ya Pedro de Alvarado, nahodha wa Cortés, kuwaua watu waliokuwa wakisherehekea sikukuu ya Toxcatl. Walibeba daraja moja la kujitengenezea. Likakwama kwenye pengo la kwanza. Mapengo yaliyofuata yalijaa mizigo, farasi na miili, na waliobaki wakavukia juu yake. Walikufa mamia ya Wahispania, na washirika wao Watlaxcala wengi zaidi.

Mfereji wa maji ya kunywa kutoka Chapultepec nimeutengeneza kwa nyuzi mbili nyeupe zilizolala sambamba, kwa sababu ulikuwa na njia mbili: moja ikisafishwa, nyingine inatumika. Karibu na Chapultepec nimezikata nyuzi zote. Ndiyo kazi ya kwanza waliyoifanya Alvarado na nahodha mwenzake Cristóbal de Olid mwisho wa Mei 1521. Tangu hapo mji uliozungukwa na maji ulianza kuona kiu.

Merikebu kumi na tatu

Fundi wao alikuwa Martín López. Mbao zilikatwa Tlaxcala, vyombo vikajaribiwa katika mto Zahuapan, vikabomolewa, kisha kila ubao ukabebwa na wapagazi kuvuka milima hadi Texcoco. Vyuma, tanga na kamba zilitoka kwenye zile meli ambazo Cortés alizitoboa pwani mwaka 1519. Huko Texcoco ukachimbwa mfereji wa kuvitelemshia ziwani. Kwa maelezo ya Cortés mwenyewe, watu 8,000 waliufanyia kazi kwa siku 50. Tarehe 28 Aprili 1521 vikaingia majini, kila kimoja na mzinga wake.

Chombo cha mita 12 kwa kipimo changu ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Nimechonga vya milimita nane kutoka vijiti vya mishikaki, tanga ni karatasi. Mfereji wenyewe nimeuchimba kwa patasi, nao ndio sehemu nitakayomwonyesha kila mgeni kwanza. Merikebu zilisifiwa sana vitabuni, ilhali mikono iliyobeba mbao na kuchimba udongo ni ya Watlaxcala na watu wa Texcoco.

Wamexica hawakukaa tu kuzitazama. Walikita miti chini ya maji ili zikwame, wakajificha na mitumbwi kwenye matete. Miti hiyo nimeiweka kwa nywele za brashi ya zamani, upande wa magharibi wa mji.

Majirani

Sasa pini. Nimezipaka rangi vichwa: manjano kwa Wahispania, kijani kwa waliokuwa upande wao, nyekundu kwa Tenochtitlan na waliobaki nao. Pini moja ni watu 1,000. Wahispania mwanzoni mwa mzingiro walikuwa takriban 900, hivyo wanapata pini moja ya manjano, nayo haijatimia. Kijani zinajaza mwambao: Tlaxcala, Huexotzinco, Cholula, Chalco, Texcoco.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake, wala hawakudanganywa kama watoto. Tlaxcala ilikuwa imezingirwa kwa miaka mingi na milki ya Wamexica, ikinyimwa chumvi na pamba. Tena mwaka 1519 iliwapiga vita Wahispania kabla ya kupatana nao. Texcoco ilikuwa mshirika wa Tenochtitlan tangu 1428, lakini Nezahualpilli alipofariki mwaka 1515 wanawe waligombea kiti, na mmoja wao, Ixtlilxochitl, hakumsamehe Moctezuma wa Pili, mtawala wa Tenochtitlan, kwa kumpa nguvu ndugu yake Cacama. Mzingiro ulipoendelea, hata Iztapalapa, Culhuacan na Mixquic zilibadilisha upande, na hizo zilikuwa na mitumbwi na chakula. Pini zao nimezipaka nyekundu upande mmoja na kijani upande mwingine, zizungushwe.

Ndui sitaipa pini. Ilikuja mwaka 1520 na msafara wa Mhispania mwingine, Pánfilo de Narváez, ikaua watu wasiohesabika mjini, akiwemo mtawala Cuitláhuac aliyetawala kwa siku kama 80 tu. Itakuwa na kadi yake pembeni, maandishi meusi.

Kinachofuata

Kisiwa. Nitakikata vipande vitano: mitaa minne ya Tenochtitlan, yaani Moyotlan, Teopan, Atzacoalco na Cuepopan, pamoja na Tlatelolco kaskazini. Kila kipande kitakuwa na sura mbili, juu nyumba na mifereji, chini vifusi, kwa sababu Cortés aliubomoa mji nyumba kwa nyumba na kuyajaza mawe kwenye mifereji ili farasi wapite. Mtazamaji atavigeuza kimoja kimoja akifuata mwendo wa vita, kuanzia Moyotlan na Teopan kusini. Cha mwisho ni Tlatelolco, ambako Cuauhtémoc, mtawala wa mwisho wa Wamexica, alishikilia hadi tarehe 13 Agosti, mtumbwi wake ulipokamatwa na merikebu ya García Holguín.

Hekalu Kuu litakuwa na urefu wa milimita saba, na vihekalu viwili juu: chekundu cha Huitzilopochtli, mungu wa vita, cha samawati cha Tlaloc, mungu wa mvua. Kwanza natafuta mbao laini isiyopasuka ikikatwa nyembamba. Mwenye kujua mti unaofaa kwa kazi hiyo, naomba aniambie kabla sijaanza na Moyotlan.