Draiva za vizazi vinne kwenye meza moja: kumbukumbu ya mradi wangu

Januari

Hatimaye zimetimia draiva nne, zile fimbo ndefu za gofu za kupigia mpira mbali kabisa. Ya kwanza ni ya mbao, kichwa cha pasimoni na shafti (mpini) ya chuma, shingo imefungwa uzi mweusi. Ya pili ni ya chuma cha pua, ndogo kuliko hata ya mbao, ya miaka ya themanini. Ya tatu ni Great Big Bertha ya titaniamu, ya kampuni ya Callaway, toleo la 1995. Ya nne ni ya kizazi hiki, ujazo wa sentimita za ujazo 460, imeshatumika lakini uso wake bado msafi. Tatu kati ya hizo nilizipata soko la mitumba la Toi, hapa Nairobi, ambako fimbo za gofu hurundikwa pamoja na raketi na bakora, na muuzaji hutaja bei akishaangalia viatu vyako.

Shabaha yangu ni hii. Kila mwaka tunaambiwa draiva mpya inaongeza yadi kumi. Tungejumlisha ahadi zote za miaka thelathini, mpira ukipigwa Ngong Road ungeokotwa Kikuyu. Nataka kujua ni ubunifu upi uliogeuza mchezo kweli, na upi ni wa kuuza tu. Nitapima, nitakata panapobidi kukatwa, kisha nitapiga.

Februari

Nimetoa vichwa vyote kwenye shafti. Za kisasa ni rahisi: unapasha shingo moto hadi gundi ilegee, unazungusha, kichwa kinatoka. Ya mbao inataka subira. Kwanza unafungua ule uzi, halafu unatafuta pini ndogo inayopita shingoni kushikilia shafti, unaigonga itoke upande wa pili, ndipo unapoanza kuzungusha polepole huku unaomba mbao isipasuke. Haikupasuka.

Kisha mizani ya jikoni. Vichwa vyote vinne vinacheza karibu na gramu 200. Cha mbao kinazidi kidogo, cha titaniamu kinapungua kidogo, ila ukifumba macho na kuvipokea kimoja kimoja mkononi huwezi kusema kipi ni cha mwaka gani. Nilitarajia cha kisasa kiwe chepesi sana, lakini ukifikiri unaelewa. Kichwa kizito mno kinachelewesha mkono, chepesi mno hakina cha kuupa mpira. Mwili wa mtu haujabadilika, kwa hiyo gramu 200 zimebaki gramu 200.

Nikachukua ndoo. Nikaziba matundu ya shingo kwa nta ya mshumaa, nikavitumbukiza kimoja baada ya kingine. Pasimoni ikazama. Ya chuma ikazama haraka zaidi. Great Big Bertha ikaelea, imejikaza juu ya maji kidogo tu. Ile ya 460 ikaelea huku zaidi ya nusu yake ikiwa nje, inazunguka zunguka mwanangu anaisukuma kwa kidole.

Kwangu mimi historia yote ya draiva imo ndani ya ile ndoo. Uzito uleule, ila umesambazwa mahali pakubwa zaidi kila kizazi. Swali la mhandisi halijawahi kuwa aongeze nini. Swali ni hizi gramu 200 azipeleke wapi.

Machi

Mwezi wa mbao. Nimekwangua vanishi kuukuu kwa msasa laini na sasa mishipa ya mti inaonekana, myembamba, imebanana, hudhurungi yenye weusi. Pasimoni ni mti wa Marekani, Diospyros virginiana, na ni ndugu wa miti ya ebony ya kweli. (Mpingo wetu, pamoja na sifa zote, ni wa ukoo wa kunde. Usiniulize mpingo ungefaa draiva. Ni mzito mno, kichwa kingekuwa cha ukubwa wa limau.) Chini kuna bamba la shaba lililokazwa kwa skrubu, na katikati ya uso kuna kipande kigumu cha rangi nyekundu kilichopachikwa mahali mpira unapopigwa, kwa sababu mbao tupu ingebonyea.

Kitu ambacho wengi hawakijui: uso huu haujanyooka. Weka rula kutoka kisigino (upande wa shafti) hadi ncha (upande wa mbali), utaona mwanga unapita pembeni zote mbili. Mafundi wa mbao waligundua kwamba mpira ukigusa ncha, kichwa hujipinda kufunguka, na mpira nao unazunguka upande wa pili, kama gia mbili zinazosukumana. Ule mviringo unaurusha mpira kulia kwanza, kisha mzunguko unaurudisha kati. Kila draiva inayouzwa leo ina mviringo huo. Kwa hiyo ukiniuliza ubunifu wa zamani ulio hai mpaka leo, ni huu, na hakuna anayeutangaza.

Nilimpelekea kichwa hicho mzee mmoja aliyekuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, tangu ujana wake.

"Mzee, hizi uliwahi kuzibeba?"

"Kijana wangu, mvua ikianza, tajiri alikuwa anafunika hii kwanza, ndipo anatafuta kofia yake." Akaipitishia kidole gumba usoni. "Ikinyonya maji inavimba. Ikivimba, imekwisha."

Draiva za aina hii ndizo zilizokuwa mkononi mwa Mhispania Seve Ballesteros aliposhinda Kenya Open mwaka 1978. Enzi hizo wachezaji wa maana walitumia za mbao.

Aprili

Leo nimekata ile ya chuma. Msumeno, jozi mbili za meno mapya, na jasho. Ndani imejazwa povu gumu la manjano ambalo kazi yake kubwa ni kupunguza kelele. Kuta za chuma ni nene kwa macho ya leo, lakini muhimu ni kwamba katikati hakuna kitu. Mbao ni nzima hadi ndani. Uzito wake mwingi umekaa katikati. Hii ni ganda. Uzito umehamia ukingoni, na kitu chenye uzito ukingoni hukataa kupindishwa. Ukipiga kwa ncha, kichwa hakigeuki sana kama cha mbao, na mpira haupotei kichakani.

Aliyeisukuma hoja hii sokoni ni Gary Adams, aliyeanzisha TaylorMade mwaka 1979 huko McHenry, Illinois, kwa fedha alizokopa kwa kuweka nyumba yake dhamana. Vichwa vya chuma vilikuwepo kabla yake, vya kukodishwa kwenye viwanja vya mazoezi kwa kuwa havivunjiki, lakini hakuna mchezaji wa maana aliyevigusa. Adams aliviita Pittsburgh Persimmon, kwa heshima ya mji wa chuma na kwa utani wa wale wa mbao. Ron Streck akashinda Houston Open mwaka 1981 kwa draiva ya chuma, na Lee Trevino akachukua PGA Championship mwaka 1984. Hata hivyo mbao haikukubali kufa upesi. Bernhard Langer alishinda Masters ya mwaka 1993 na pasimoni mkononi.

Msimamo wangu mpaka sasa, na sidhani utabadilika: hapa ndipo mchezo ulipogeuka. Kuacha uwazi katikati. Yote yaliyofuata ni kuupanua uwazi huo.

Mei

Titaniamu. Sijaikata Great Big Bertha na sitaikata; ni nzuri mno.

Hesabu yake ni fupi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina karibu gramu 8. Ya titaniamu ina gramu 4.5, na nguvu haipungui. Ukiwa na gramu 200 tu za kutumia, titaniamu inakupa ganda kubwa zaidi lisilobonyea. Big Bertha ya kwanza, ya mwaka 1991, ilikuwa ya chuma cha pua na ujazo wake ulikuwa 190. Watu waliicheka kwa ukubwa. Ely Callaway, mzee aliyetoka kwenye biashara ya nguo na kisha ya divai, aliipa jina la mzinga wa Wajerumani wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Fundi wake, Richard Helmstetter, alikuwa ameshafupisha shingo na kuokoa uzito uliokuwa umelala huko bila kazi, akaupeleka kichwani. Miaka minne baadaye titaniamu ikafikisha ujazo karibu 250, na mwaka 1997 Biggest Big Bertha ikagonga 290.

Kitu ambacho namba hazisemi ni woga. Mtu wa handikapu 24, yaani asiye hodari, anaposimama kwenye tii ya kwanza, mahali pa kuanzia, watu kumi wako nyuma yake, akiangalia chini anaona kichwa cha pasimoni cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Mpe kile kikubwa, mabega yanashuka. Nimemwona jirani yangu akishuka mabega hivyo hivyo. Sina kifaa cha kupima hilo.

Juni

Mwezi wa shafti na uso.

Shafti kwanza, maana watu huzisahau. Zamani zilikuwa za mti wa hickory. Chuma kiliruhusiwa Marekani katika miaka ya ishirini, na St Andrews huko Scotland, kwa R&A, watunga sheria wa gofu nje ya Marekani, ikakubali mwaka 1929. Halafu mwaka 1969 mhandisi Frank Thomas, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya Shakespeare, akatengeneza shafti ya grafiti, yaani nyuzi za kaboni. Shafti ya chuma kwenye pasimoni yangu inakaribia gramu 120. Ile ya kisasa ni nusu ya hapo. Kwa uzito uliookolewa waliirefusha fimbo kutoka kama inchi 43 hadi 45 na zaidi, na fimbo ndefu yenye mkono mwepesi inakwenda kasi. Kwa umbali, naipa grafiti nafasi ya pili baada ya uwazi.

Uso sasa. Ukuta wa titaniamu ukiwa mwembamba, hubonyea kidogo mpira unapogonga na kurudi. Mpira ndio unaopoteza nguvu nyingi kwa kujikunja. Uso ukichukua sehemu ya kujikunja huko, mpira unaondoka na kasi zaidi. Watunga sheria wa Marekani, USGA, walishtuka mwaka 1998 na kuweka kikomo: kipimo cha kudunda kisizidi 0.830. Mkurugenzi wao wa ufundi wakati huo? Frank Thomas yuleyule wa grafiti. Nimecheka peke yangu karakanani.

Callaway wakatoa draiva ya ERC mwaka 2000, inayodunda kuliko sheria, halali kwa R&A na haramu kwa Wamarekani, na kwa muda dunia ya gofu ikawa na sheria mbili. Mwaka 2004 ukaja mtihani wa pendulamu: kijichuma kinagonga uso, na muda wa kugusana usizidi mikrosekunde 257. Mwaka huohuo ujazo ukawekewa ukomo wa 460, na mwaka 2006 ukinzani wa kupinda nao ukafungiwa kwenye 5900 kwa vipimo vyao.

Soma tena hizo tarehe. Uso, ukubwa, ukinzani, vyote vimekuwa chini ya kofuli tangu 2006. Ndiyo maana nikisikia tangazo la yadi kumi za mwaka huu natabasamu.

Julai

Nimezirudishia shafti tatu (ya chuma iliyokatwa imebaki kwenye ubao wangu wa maonyesho kama mfano) na kwenda uwanja wa mazoezi mapema, kabla ya upepo. Mipira ya aina moja, kutoka ndoo moja. Nairobi iko juu, hewa nyepesi, kwa hiyo umbali wangu haufai kulinganishwa na wa mtu wa Mombasa. Nililinganisha draiva kwa draiva tu.

Nilipaka unga wa talkum usoni ili kila pigo liache alama. Mipira iliyogonga kati kabisa: pasimoni inabaki nyuma ya ile ya 460, ila si kwa aibu. Sauti yake ni "ko", nzito, na mkono hausikii chochote, kama vile hukupiga kitu. Utamu huo hakuna titaniamu iliyonipa.

Tofauti iko kwenye alama za ncha na kisigino. Pasimoni ikiguswa kidole kimoja nje ya kati, mkono unatetemeka hadi kiwikoni na mpira unadondoka kabla ya bango la yadi 150 au unakata kona kwenda kwenye wavu. Great Big Bertha inausamehe nusu. Ya 460 imenichukulia pigo la ncha kabisa, alama ya unga karibu na ukingo, na mpira ukatua ndani ya mstari, mfupi kidogo tu. Na mimi ni mtu wa ncha. Alama zangu nyingi ziko huko.

Siwezi kuipa draiva sifa yote. Wastani wa pigo la draiva kwenye PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani, ulikuwa kama yadi 260 mwaka 1993 na 286 mwaka 2003, lakini katikati hapo, mwishoni mwa 2000, kampuni ya Titleist iliingiza mpira wa Pro V1, na mpira wenyewe ukabadilika. Mazoezi ya viungo nayo yana fungu lake.

Agosti

Nimeanza kuandika kadi za ubaoni, kila ubunifu na nafasi yake. Uzito wa kuhamishika kwa skrubu, r7 ya TaylorMade, 2004: nimeuweka mstari wa pili. Unasaidia anayejua tayari mpira wake unaelekea wapi. Shingo ya kurekebishwa, iliyoruhusiwa mwaka 2008: hii imebadilisha duka zaidi ya mchezo, kwa kuwa fundi mwenye TrackMan, rada ya kupima mwendo wa mpira, anaweza kukupimia pembe tano kwa kichwa kimoja. Vichwa vya mraba vya 2007 ni kadi ndogo kabisa, pembeni. Kichwa cheupe cha R11, 2011, hakina kadi. Ni rangi.

Uso wa kaboni wa Stealth, 2022, bado najadiliana nao. Unaokoa gramu usoni na kuzipeleka nyuma, jambo lilelile la Adams kwa nyuzi badala ya chuma.

Kazi inayofuata ni kutafuta shafti ya grafiti ya miaka ya sabini, hata ikiwa imevunjika. Mzee kedi anasema kuna moja kwenye stoo ya klabu anakoenda kunywa chai, inatumika kuning'inizia mapazia.