Jumamosi ya kukata nywele za dawa

Nywele zangu za dawa zilikatwa Tanga, barazani kwa shangazi, wiki ya harusi ya binamu yangu. Nilikuwa nimeacha dawa ya kunyoosha nywele zaidi ya mwaka. Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo za asili zilishafika kiasi cha kushikika, na mbele yake zikining'inia zile zilizonyooka, nyepesi, zimechoka.

Shangazi amesuka vichwa vya watu tangu ujana wake, na hakuanza na mkasi. Kazi aliianza Ijumaa usiku kwa mafuta ya nazi aliyopika mwenyewe: nazi 4 zilizokomaa, tui zito la kwanza tu, likatulia mpaka mafuta yakapanda juu, kisha moto mdogo hadi maji yakauke na mashapo yawe kahawia. Moto ukizidi, mashapo yanaungua na mafuta yananuka. Akanipaka vijiko 2 vya chakula kichwa kizima, zaidi kwenye ncha. Unywele ukilowa huvimba, ukikauka hunywea, na kuvimba huko kwa kila mara kunauchosha. Mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana hupakwa kabla ya kuosha.

Asubuhi alinigawa mafungu 8, kila fungu likabanwa peke yake. Hapa ndipo alipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na alikuwa na haki. Alilowesha fungu, akapaka kondishna ya kutosha mpaka likawa linateleza, akaachanisha mafundo kwa vidole, ndipo akachukua chanuo la meno mapana. Alichana kuanzia nchani, akipanda kidogo kidogo, mkono wa kushoto umeshika juu ya fundo ili ngozi isivutwe. Ukianzia kwenye mizizi, chanuo linasukuma mafundo yote mpaka pale za asili zinapokutana na za dawa, na hapo ndipo zinapokatikia.

“Hapa pana nywele mbili, mwanangu,” aliniambia. “Hii ya chini haiponi.” Ni kweli kabisa. Dawa hukata viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo na nguvu, iwe ile ya sodiamu haidroksidi au ile ya kuchanganya vitu viwili inayosifiwa kuwa laini kwa ngozi. Mafuta na stimu vinaufanya ung'ae tu. Umbo lake la zamani halirudi.

Alikata zikiwa mbichi, kwa sababu maji hukunja za asili na kuziacha za dawa zimenyooka, na mpaka kati yake ukaonekana wazi. Alipanda nusu sentimita juu ya mpaka huo, kipande kwa kipande. Kuzifunga zote nyuma na kukata mara moja kunaacha mabaki, maana hazioti sawa kichwani kote. Mkasi ulikuwa wa kinyozi. Wa jikoni huuponda unywele na ncha hupasuka upya.

Kuosha kulikuwa kwepesi. Shampuu sehemu 1, maji sehemu 3, kwenye chupa, akamimina kwenye ngozi na kusugua kwa nyama ya vidole bila kucha. Maji ya kisima chenye chokaa aliyakataa: yakikutana na sabuni ya mche huacha utando mweupe, na nywele hukakamaa. Kukausha, alizibonyeza kwa fulana kuukuu. Taulo hukwaruza.

Mabinti wa nyumbani walitaka nisukwe rasta kwa ajili ya harusi, na shangazi akagoma. Vipele vinavyotokea kwenye nywele za mbele, juu ya paji, baada ya kusukwa ni dalili kwamba mizizi inavutwa. Wengi huvipaka mafuta na kuvumilia, na uvutaji ukiendelea miaka, kovu huziba tundu na hapo hazioti tena. Hilo nimeliona kwa wanawake wengi mno, na linaniuma kila mara.

Badala yake alipaka krimu zikiwa bado na maji, juu yake mafuta kidogo ya nyonyo, kwa sababu mafuta hayaleti maji, huyazuia yaliyomo yasitoke. Kisha akazisuka kwa uzi wa pamba. Aliuzungusha kutoka shinani hadi nchani, shinani ukilegea, katikati ukikaza, nikalala nimejifunga kitambaa cha satini. Uzi hurefusha nywele bila pasi wala moto, mradi zikauke kabisa kabla ya kufumuliwa. Zikifumuliwa na unyevu hurudi palepale.

Zilifumuliwa asubuhi ya harusi, zimejaa, zinagusa masikio. Kufikia alasiri hewa ya bahari ilishaanza kuzikunja. Shangazi akakataza zisichanwe tena, akanirushia maji kwa viganja ili zijikunje sawasawa pande zote.